Maadili ya Mwalimu wa Chekechea: Fundisho la Mtabila kwa Kamati Zetu



Taarifa za robo mwaka zinazoletwa ofisi ya miradi kutoka kwenye chekechea zetu huwa na habari nyingi za kutia moyo. Tunasoma idadi ya watoto, kilo za unga wa uji, mabati yaliyoezekwa, choo kilichochimbwa, michango iliyokusanywa na iliyobaki. Ziendelee kuja. Lakini kuna jambo ambalo ni nadra kulikuta humo, nalo ni jinsi mwalimu anavyoishi na watoto anapokuwa nao peke yake. Anawaita kwa majina gani? Mtoto akijikojolea anafanywa nini? Habari za nyumba ya mtoto zinaishia kwa mwalimu au zinafika kisimani? Hayo ndiyo maadili ya kazi, na ndiyo somo la robo hii. Tunaomba kamati ilisome kwa pamoja, ikiwezekana mwalimu mwenyewe akiwepo. Kama kikao kimoja hakitoshi, chukueni viwili.

Kwa nini mtoto mdogo ni suala la pekee

Kila kazi ya kuhudumia watu ina miiko yake, ya muuguzi, ya karani wa fedha, hata ya mchungaji. Ya mwalimu wa watoto wadogo ina uzito wake kwa sababu ya yule anayehudumiwa. Mwanafunzi wa sekondari akionewa anaweza kulalamika kwa mkuu wa shule, kumwambia mzazi kwa maneno kamili, au kuacha kwenda. Mtoto wa miaka minne hawezi. Hana maneno ya kueleza kilichompata, hajui kama kilichompata ni cha kawaida au si cha kawaida, na hana pa kukimbilia. Kesho yake asubuhi mama atamshika mkono na kumrudisha palepale.

Zaidi ya hapo, mwalimu wa chekechea anagusa mwili wa mtoto kila siku. Anampeleka chooni, anamnawisha, anamfunga kanga akilowa, anambeba akilia. Kazi hii haikwepeki, na mtoto asiyeguswa kwa upendo hakui vizuri. Ila hapo ndipo mamlaka ya mtu mzima yanakuwa makubwa kuliko mahali pengine popote shuleni, huku shahidi akiwa ni mtoto asiyeweza kusimulia. Ndiyo maana chama kikubwa cha kitaaluma cha walimu wa watoto wadogo huko Marekani, NAEYC, kilipopitisha kanuni zake za maadili mwaka 1989, kiliweka juu ya yote wajibu wa kutomdhuru mtoto. Wajibu kwa wazazi, kwa wenzake kazini na kwa mwajiri unafuata baada ya huo. Yanapogongana, mtoto ndiye wa kwanza.

Msomaji wa Biblia halioni hili kuwa jambo geni. Katika Marko sura ya 10 wanafunzi ndio waliowazuia watoto, na Bwana akawakasirikia wanafunzi wake mwenyewe. Mathayo sura ya 18 inatoa onyo kali zaidi kwa anayemkosesha mmoja wa wadogo. Tukumbuke kwamba onyo lile halikuelekezwa kwa watu wa nje. Waliokuwa wamekaa kumsikiliza walikuwa wanafunzi.

Mtabila inatufundisha nini

Wanakamati wa Kasulu wenye umri wa kutosha wanaikumbuka Mtabila ilipokuwa kambi. Ilianza miaka ya 1990, Warundi walipokimbia vita iliyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye Oktoba 1993. Ilifungwa rasmi tarehe 31 Desemba 2012, na eneo likakabidhiwa Jeshi la Kujenga Taifa. Katika miezi miwili ya mwisho zaidi ya watu 30,000 walirudishwa Burundi. Wachache walioonekana bado wanahitaji ulinzi, wapatao 2,700, walihamishiwa Nyarugusu. Kisha machafuko ya mwaka 2015 yakaleta wimbi jingine, na Nduta kule Kibondo, iliyokuwa imefungwa, ikafunguliwa tena mwaka huohuo. Kwa hiyo habari za wakimbizi katika nyanda zetu hazikuishia 2012. Wala hazikuanzia 1993, kwani huduma ya Kilutheri kwa wakimbizi wa nchi hii kupitia TCRS ilianza mwaka 1964.

Walimu wa shule za kambini wengi walikuwa wakimbizi wenyewe. Walifundisha kwa mtaala wa kwao, wakalipwa posho ndogo isiyofikia mshahara, wakaishi katika vibanda sawa na vya wazazi wa wanafunzi wao. Wengi hawakuwa na cheti cha ualimu. Pamoja na hayo yote, mashirika yaliyowaajiri yalifika mahali pa kuwataka watie sahihi kanuni za maadili kabla ya kuanza kazi. Ni vizuri kujua kwa nini.

Mwaka 2002 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) pamoja na Save the Children ya Uingereza walitoa taarifa ya kusikitisha kuhusu kambi za Liberia, Guinea na Sierra Leone. Watoto walieleza kwamba watumishi waliotumwa kuwasaidia waliwadai ngono ili wapewe chakula, sabuni au turubai, na walimu walikuwa miongoni mwa waliotajwa. Mwaka uliofuata Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kofi Annan, alitoa waraka wa masharti. Ni marufuku kwa mtumishi kufanya ngono na mtu wa chini ya miaka 18, bila kujali sheria ya mahali pale inasema nini kuhusu umri. Kudai kwamba hukujua umri wake si utetezi. Ni marufuku kubadilishana fedha, ajira au msaada kwa ngono. Na mtumishi anayemshuku mwenzake analazimika kutoa taarifa. Asipotoa, naye amevunja masharti. Mashirika yanayofanya kazi na Umoja wa Mataifa yalitakiwa kuyakubali masharti hayo, na kwa njia hiyo yalifika hadi kwenye kambi za Kigoma.

Hapa kuna fundisho la kwanza kwa kamati zetu. Mara nyingi mmetuambia, "Huyu wetu ni wa kujitolea tu, hajasomea, tutambana vipi?" Mwalimu wa Mtabila naye alikuwa wa posho, naye hakuwa amesomea. Hakusubiriwa apate diploma ndipo aambiwe asimdhuru mtoto.

Fundisho la pili ni gumu zaidi kulisema. Mwaka 2009, wakati kambi ilipokuwa imepangiwa kufungwa, shule za Mtabila zilifungwa. Watu waliendelea kuishi pale zaidi ya miaka mitatu. Hebu hesabu: mtoto aliyekuwa na miaka sita mwaka ule, tayari kuanza kusoma, alikuwa na miaka tisa kambi ilipofungwa. Wakubwa walikuwa na mabishano yao kuhusu kurudi au kutorudi, na kila upande ulikuwa na hoja zake. Darasa la mtoto ndilo lililolipia. Mimi naona hapo kuna jambo linalotuhusu sana, maana nasi katika udogo wetu tunafanya vivyo hivyo tunapomrudisha mtoto nyumbani kwa sababu mchango wa uji haujaletwa. Deni ni la mzazi. Anayesimamishwa mbele ya wenzake na kuambiwa abebe mfuko wake aondoke ni mtoto wa miaka mitano asiyejua hata shilingi ngapi zinadaiwa. Mdaini mzazi, mwiteni kikaoni, mpokeeni maharage au mahindi badala ya fedha taslimu wakati wa mavuno, lakini mtoto abaki kwenye mkeka.

Mwalimu wetu anafungwa na nini?

Mwalimu wa shule ya serikali ana vyombo vinavyomsimamia. Tume ya Utumishi wa Walimu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2015, na mwaka 2018 Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha bodi ya kitaaluma ya walimu. Akikosa, yupo wa kumshtaki na yupo wa kumsikiliza.

Binti aliyemaliza kidato cha nne, anayefundisha vidudu thelathini kwenye jengo la mtaa kwa posho ya kamati, kwa kawaida hayumo katika mfumo huo. Hili ndilo pengo. Kamati ya mtaa ndiyo iliyomwajiri, ndiyo inayomlipa, na kwa vitendo ndiyo tume yake na bodi yake. Msipomwekea utaratibu wa maadili, hakuna mwingine atakayemwekea.

Lakini sheria za nchi zinatuhusu kama kawaida. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na kanuni zake za mwaka 2012 kuhusu vituo vya kulelea watoto mchana zinataka kituo kisajiliwe, na njia yake inapita kwa Ofisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Kituo kuwa ndani ya uwanja wa kanisa hakukiondoi kwenye sheria hiyo. Kama chekechea yenu haijasajiliwa, hilo liandikwe katika ajenda ya kikao kijacho kabla ya habari za mabati.

Suala la fimbo

Hapa najua tutabishana, na nimeshabishana na wazee wengi wa kanisa ninaowaheshimu. Wanasema wao wenyewe walilelewa kwa fimbo na wamekuwa watu. Wanataja Mithali. Nawasikiliza.

Naomba tuanze na sheria. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni, za mwaka 1979 zilizorekebishwa mwaka 2002, hazimruhusu kila mwalimu kupiga. Zinamtaja mkuu wa shule au aliyepewa idhini naye, zinaweka kikomo cha viboko vinne, na zinataka adhabu iandikwe kwenye kitabu. Ukizisoma utaona zimeandikwa kumfunga mwalimu mikono kuliko kumpa fimbo. Sheria ya Mtoto katika kifungu cha 13 inakwenda mbali zaidi: adhabu isiyolingana na umri na hali ya mtoto haikubaliki, na wala haikubaliki kama mtoto, kwa udogo wake, hawezi kuelewa kwa nini anaadhibiwa. Sasa niambieni, mtoto wa miaka mitatu anayepigwa kwa kujikojolea anaelewa nini? Anaelewa kwamba chekechea kunauma. Siku ya pili atajikojolea tena, maana hofu yenyewe huleta mkojo.

Agosti 2018, katika mji wa Bukoba, mwanafunzi wa darasa la tano alifariki baada ya kupigwa na mwalimu kwa tuhuma ya kuiba mkoba. Nchi nzima ilishtuka. Siamini kuna mwalimu anayeamka asubuhi akipanga kuua. Fimbo huanza ndogo, na hasira ya siku ile haipimi.

Kwa upande wa Mithali, wanakamati wachungaji watatusaidia. Mimi nitasema tu kwamba fimbo ya mchungaji wa kondoo hutumika kuongoza na kufukuza fisi, na sijaona mchungaji huku kwetu anayempiga nayo mwana-kondoo wa wiki mbili.

Mwalimu akiambiwa tu aache fimbo bila kupewa kitu badala yake, ataifuata tena baada ya wiki moja. Anayekaa na watoto sitini kwenye chumba kimoja atatumia chochote kinachonyamazisha. Kiwango cha serikali kwa darasa la awali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Kamati inayoandikisha 60 kwa sababu ya michango, halafu ikamlaumu mwalimu kwa kupiga, ijitazame nayo. Mwongezeeni msaidizi, hata mama mmoja wa zamu kutoka Idara ya Wanawake. Wagawanyeni watoto kwa saa. Mpeni mwalimu nafasi ya kwenda kutazama darasa la mwenzake anayefanya vizuri. Kasulu tuna bahati ya kuwa na vyuo viwili vya ualimu, Kasulu na Kabanga, na kuomba ushauri hakugharimu kitu zaidi ya nauli.

Kuna fimbo nyingine isiyoonekana, nayo ni ulimi. Mtoto wa kwetu anatoka nyumbani akiongea Kiha, na chekechea inafundisha kwa Kiswahili. Akisema neno la Kiha darasa likacheka na mwalimu akacheka nalo, mtoto huyo atanyamaza mwezi mzima. Na kwa kuwa Kiha na Kirundi vinakaribiana sana, wapo watoto wanaozomewa kuwa ni "wakimbizi" kwa sababu tu ya lafudhi. Mwalimu mwenye maadili halitumii neno hilo, na hamwachi mtoto mwingine alitumie. Anampokea mtoto kwa lugha aliyokuja nayo, kisha anampa Kiswahili polepole.

Siri za mtoto

Mwalimu anajua mengi. Anajua nani anakuja bila kula, nani anatumia dawa za kufubaza virusi, baba wa nani yuko gerezani, na nani anaishi na bibi kwa sababu ambazo mtaa haujaambiwa. Aliambiwa ili amsaidie mtoto. Habari hizo zikifika kwenye kikoba au kwenye foleni ya maji, mwalimu amevunja ahadi hata kama kila neno alilosema ni la kweli. Tunapendekeza daftari la habari za watoto lifungiwe, lisikae mezani pamoja na daftari la mahudhurio.

Huku kwetu jambo hili limewahi kuwa la uhai na kifo. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipozidi katika kanda ya magharibi na ya Ziwa, kuanzia mwaka 2008 shule ya Kabanga hapa Kasulu ilipokea watoto wenye ualbino ili wapate ulinzi. Kutaja kwa uzembe kwamba mtoto fulani anaishi nyumba ile na hupita njia ile kulitosha kumweka hatarini. Yeyote anayedhani siri za chekechea ni mambo madogo akumbuke miaka ile.

Neno kwa marafiki wetu wafadhili: picha

Hapa naomba niwaambie wazi marafiki zetu, nikijua mnatupenda.

Mnapotutembelea mnapiga picha, nasi tukiandika taarifa tunaambatanisha picha, kwa sababu picha huleta msaada. Hakuna ubaya katika picha yenyewe. Ubaya unaingia pale mtoto anapotafutwa yule mchafu kuliko wote ili huruma ipatikane. Au mtoto anapopigwa picha akiwa nusu uchi, wakati wa kwenu huko Ulaya hawezi kupigwa hivyo. Au jina lake, kijiji chake na ugonjwa wa mama yake vinapoandikwa chini ya picha. Mtoto huyo atakua. Siku moja ataikuta.

Tangu mwaka 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na taarifa za watoto zimewekwa katika kundi linalohitaji uangalifu zaidi. Lakini hata bila sheria, pendekezo letu ni jepesi. Mzazi au mlezi aombwe kwanza, kwa lugha anayoielewa, na aelezwe picha inakwenda wapi. Aweze kukataa bila mtoto wake kukosa uji. Mtoto avae. Jina halisi lisiandikwe, kijiji kisitajwe. Na mtoto wa mkimbizi asipigwe picha ya uso kabisa, kwa maana wazazi wake huenda wana sababu ya kutotaka kujulikana walipo.

Jingine ni zawadi. Mgeni anapompa mtoto mmoja pipi au mdoli mbele ya wenzake arobaini, anaondoka akiwa na furaha na kumwachia mwalimu kilio cha mchana kutwa. Zawadi zipitie kwa kamati. Na mgeni yeyote, awe wa ndani au wa nje, awe askofu au mfadhili, asikae na mtoto peke yake mahali pasipoonekana. Tunawaomba msilichukulie kuwa ni kukosa imani nanyi. Utaratibu unaomhusu kila mtu haumtuhumu mtu.

Mambo "yanayomalizwa nyumbani"

Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi, na karibu mvulana mmoja kati ya saba, walifanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya kufika miaka 18. Wachache sana walitafuta msaada. Takwimu hizo ni za nchi nzima, na sharika zetu zimo humo.

Tuseme mwalimu anaona mtoto wa miaka mitano anakaa kwa shida, analia akienda chooni, na amekuwa mkimya ghafla. Mwalimu anamwambia mzee wa kanisa. Mzee anaita familia. Inaonekana ni mjomba. Wanakaa, mbuzi anatolewa, wanaombeana, suala linaisha. Wapo wanaoona huo ndio upatanisho wa Kikristo.

Si upatanisho. Aliyekosewa ni mtoto, na hakuna aliyemuuliza. Mbuzi ameliwa na wakubwa, na mjomba bado analala nyumba ileile. Kisheria, kumwingilia mtoto wa kike aliye chini ya miaka kumi ni kosa lenye adhabu ya kifungo cha maisha. Wazee hawana mamlaka ya kulimaliza kwa kikao. Sheria ya Mtoto, kifungu cha 95, inampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa wajibu wa kuifikisha kwa mamlaka ya serikali ya mtaa. Kila mwanajamii, siyo mwalimu peke yake.

Njia iko hivi. Mwalimu asimhoji mtoto mara nyingi, wala asimwambie kwamba anadanganya. Amsikilize, aandike maneno ya mtoto kama alivyoyasema, pamoja na tarehe na saa. Siku hiyohiyo amwone Ofisa Ustawi wa Jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, ambako hutolewa fomu ya PF3 kwa ajili ya matibabu. Mtoto asiogeshwe wala nguo zake zisifuliwe kabla ya kufika hospitali. Dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU inatakiwa ianze ndani ya saa 72, kwa hiyo kikao cha ukoo cha Jumapili kinaweza kumgharimu mtoto maisha yake. Simu ya msaada kwa watoto ni 116, na kuipiga ni bure. Mchungaji ana nafasi kubwa hapa: kuisindikiza familia, kumwombea mtoto, na kumlinda mwalimu dhidi ya ndugu wenye hasira. Kupokea mbuzi siyo mojawapo.

Na mtuhumiwa akiwa ni mwalimu wenyewe, au mwinjilisti, au mwanakamati? Anasimamishwa kazi za watoto siku hiyohiyo wakati uchunguzi ukiendelea, na taarifa inakwenda palepale ilipokwenda ya mjomba. Kumhamishia mtaa mwingine ni kuwapelekea watoto wengine hatari ambayo sisi tumeshaijua.

Wajibu wa kamati kwa mwalimu

Nimesema mengi ya mwalimu, sasa zamu yenu. Kamati inayomkopa mwalimu posho ya miezi mitano haiwezi kumkemea kwa utulivu akianza kuuza visheti kwa watoto au kuchota unga wa uji. Kuiba ni kuiba, na taratibu zifuatwe; lakini deni nalo ni kosa la maadili, na ni la kwenu. Andikeni posho kwenye makubaliano, hata kama ni kidogo, na ilipwe kwa tarehe. Fedha ikipungua, mwalimu aambiwe mapema na sababu zake, asipate habari kwa jirani. Wafadhili mnaotusomea: mnapochagua kati ya kujenga darasa la pili na kumhakikishia mwalimu wa darasa la kwanza posho ya mwaka mzima, naomba mfikirie sana hilo la pili, japo halina jiwe la msingi la kuzinduliwa.

Makubaliano ya ukurasa mmoja

Tunapendekeza kila chekechea iwe na karatasi moja ya makubaliano, kwa Kiswahili chepesi, itiwe sahihi na mwalimu, msaidizi, mpishi, mlinzi, mwenyekiti wa kamati na mchungaji. Mpishi na mlinzi wasisahaulike; mtoto hajui cheo cha mtu. Isemwe humo kwamba hakuna kumpiga mtoto wala kumtukana. Hakuna mtu mzima kukaa na mtoto mmoja mahali pa siri. Mtoto hapelekwi nyumbani kwa mwalimu kufanya kazi za shamba au kuchota maji. Habari za mtoto hazitangazwi. Picha ni kwa ruhusa. Mtoto hafukuzwi kwa deni. Anayeona dhara anatoa taarifa, na hataadhibiwa kwa kutoa. Upande wa pili wa karatasi uwe na ahadi za kamati: posho, tarehe yake, idadi ya mwisho ya watoto, na siku ya kumtembelea mwalimu darasani. Isomwe kwa sauti mbele ya wazazi, kwa Kiswahili na kwa Kiha, maana mzazi asiyejua ahadi hawezi kuidai.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika chekechea yetu, mtoto akidhurika leo, mzazi atamwambia nani? Je, mzazi huyo anamwogopa mtu huyo?

2. Mara ya mwisho mwanakamati kuingia darasani bila kutangaza ilikuwa lini, na aliona nini?

3. Ni watoto wangapi wamerudishwa nyumbani mwaka huu kwa sababu ya michango? Wako wapi sasa?

4. Mwalimu wetu anatudai kiasi gani?

5. Someni Mathayo 18:1-14. Kama mwalimu akituletea habari mbaya kuhusu mtu tunayemheshimu kanisani, tutafanya nini katika saa 24 za kwanza? Andikeni jibu kwenye kumbukumbu za kikao pamoja na majina ya watakaohusika.

Nakala ya makubaliano yaliyotiwa sahihi iletwe ofisi ya miradi pamoja na taarifa ya robo ijayo. Sharika zinazohitaji mfano wa karatasi hiyo zimwone mratibu kwenye kikao cha jimbo. Zitachapwa za kutosha.